Jinsi ya Kuishi na Seva Ambayo Watengenezaji Wake Wamenyamaza

Swali huibuka kwenye mengineyo, kikao kikikaribia kufungwa na watu wameshaanza kutafuta funguo za pikipiki. Mjumbe mmoja ananyoosha mkono: "Mwenyekiti, hivi wale waliotengeneza huu mfumo wetu bado wapo?" Mtu wa IT anainamia daftari lake. Mwenyekiti anasema suala litafuatiliwa, sala inasomwa, na seva inaendelea kunguruma kwenye kile chumba cha pembeni chenye feni moja.

Mwongozo huu ni wa huyo mtu wa IT, na ni wa mjumbe aliyeuliza pia, kwa sababu siku hiyo hakuna aliyeuliza jambo kubwa kuliko lake. Utumie ukiwa hospitali ya misheni Machame, SACCOS ya walimu mjini Moshi, shule ya bweni Rombo au chama cha msingi cha kahawa Kibosho. Popote ambapo kazi ya kila siku inategemea programu ya seva, na programu hiyo haijatoa toleo jipya tangu enzi za mkuu wa idara aliyepita.

Hakikisha imesimama kweli

Programu inaweza kunyamaza kwa sababu imekamilika. Kikokotoo cha riba hakihitaji toleo jipya kila mwezi, maana hesabu ya riba ni ileile. Kwa hiyo tarehe ya toleo la mwisho pekee isikutie hofu. Tazama kama msimbo wenyewe bado unaguswa, yaani kama kuna mtu anayerekebisha mstari hapa na pale hata kabla ya toleo rasmi kutangazwa. Tazama hitilafu za usalama zilizoripotiwa: zilijibiwa baada ya siku chache, baada ya mwaka, au zimebaki hivyohivyo? Kisha hesabu majina ya wanaofanya kazi hiyo. Ukikuta jina moja tu, liandike kwa kalamu nyekundu, hata kama mwenye jina hilo anafanya kazi usiku na mchana. Ataugua, ataoa, atabadilisha ajira, atachoka.

Halafu angalia kilicho chini ya programu yako na kilicho juu yake. Chini kuna mfumo endeshi, kanzidata na lugha ambayo programu imeandikwa. Hivi vinasonga mbele hata kama programu yenyewe imekaa chini. Juu kuna serikali. NHIF ikibadilisha bei za huduma, TRA ikibadilisha utaratibu wa risiti, Tume ya Maendeleo ya Ushirika ikitaka taarifa za chama ziingizwe kwenye MUVU, mfumo wake wa kidijitali, programu iliyosimama haiwezi kufuata. Hapo ndipo mhasibu anaanza kuandika kwenye Excel pembeni. Sijui dalili ya kuaminika kuliko hiyo Excel ya pembeni. Ukitaka kujua mfumo wako ulisimama lini, muulize mama mhasibu faili lake la kwanza ni la mwezi gani. Atakujibu papo hapo, na atakuonyesha mengine uliyokuwa hujui yapo.

Jifunze kwa Care2x

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni Care2x. Elpidio Latorilla aliuanzisha mfumo huu wa hospitali mwaka 2002, ukiwa wa chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, umeandikwa kwa PHP na kuhifadhi taarifa kwenye kanzidata ya MySQL. Ndani yake mlikuwa na uandikishaji wa wagonjwa, wodi, maabara na dawa, na haukudai ada ya leseni. Kwa hospitali ya kanisa inayohesabu hadi glavu, hilo la leseni halikuwa jambo dogo. KKKT ikauchukua kwa ajili ya hospitali zake, ukarekebishwa uendane na hali ya Tanzania, na ukafanya kazi Selian kule Arusha na Haydom kule Mbulu. Wahudumu waliozoea kusaka kadi ya mgonjwa kwenye rafu zilizojaa vumbi wakaanza kuisaka kwa jina kwenye skrini. Walioifanya kazi ile wanastahili heshima, na nitaendelea kulisema hilo hata pale ninapoeleza ugumu uliofuata.

Kasi ya mradi ule duniani ikapungua, lakini PHP haikumsubiri mtu. Toleo la 7.0, lililotoka Desemba 2015, liliondoa kabisa njia ya zamani ya kuzungumza na MySQL, njia iliyotumiwa na programu chungu nzima za miaka ya 2000. Toleo la 5.6, la mwisho katika kizazi kilichotangulia, likaacha kupewa viraka vya usalama mwishoni mwa 2018. Yeyote mwenye programu ya umri ule akabanwa pande mbili. Akisasisha PHP, skrini ya mapokezi inaweza kugeuka nyeupe Jumatatu asubuhi huku foleni imefika getini. Akiiacha ilivyo, anabaki na matundu ambayo yanajulikana dunia nzima na hakuna atakayekuja kuyaziba.

Kuna jambo jingine ambalo vikao vyetu huwa havifiki. Toleo likisharekebishwa kwa ajili ya mahali fulani, limeshaachana njia na lile la dunia. Hata watengenezaji wa awali wakiamka kesho na kutoa toleo jipya la kupendeza, hulipokei tu na kulipakia. Lazima mtu ahamishe marekebisho yote ya huku nyumbani, moja baada ya jingine, na kulijaribu kila moja. Kwa hiyo mjumbe akiuliza kama watengenezaji bado wapo, mjibu kwa kumwongezea swali: na watengenezaji wetu sisi wapo? Nani hapa anajua mistari gani ilibadilishwa, lini, na kwa sababu gani? Mara nyingi anayejua ni kijana mmoja, na kijana huyo alishapata kazi Dodoma.

Mtafute. Mpigie simu wiki hii. Mwombe siku mbili za muda wake, mlipe nauli na posho ya maana, mkalishe na watu wawili wanaoandika, na aeleze kila kitu kuanzia paswedi hadi kile kipande cha msimbo alichokiandika usiku wa manane kwa sababu ripoti ya robo mwaka ilikuwa inatakiwa asubuhi. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili. Atakayeyasoma miaka mitano ijayo atakuwa na haraka, atakuwa peke yake, na TANESCO watakuwa wameshakata umeme mara mbili tangu aanze.

Usimtukane mtengenezaji

Mtu aliyeshikwa na wasiwasi hupenda kuandika ujumbe mkali: "Mradi huu umekufa? Mnatuangusha. Tunataka toleo jipya." Acha kabisa. Hujamlipa, naye hajakuahidi kitu.

Kuna sababu nzito zaidi ya adabu. Kuna programu ndogo iitwayo xz, ya kubana mafaili, iliyomo ndani ya seva nyingi mno za Linux duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, kwa kujitolea. Mwaka 2022 majina yasiyojulikana yakaanza kumsonga kwa malalamiko kwamba kazi inakwenda polepole, kwamba amkabidhi mtu mwingine. Naye akajibu waziwazi kwamba afya ya akili imekuwa ikimsumbua kwa muda mrefu. Msaidizi mpole aliyejiita Jia Tan akawa yupo tayari. Akasaidia, akaaminiwa, akapewa funguo, na mwanzoni mwa 2024 akaingiza mlango wa siri. Uligunduliwa mwishoni mwa Machi 2024 na mhandisi aitwaye Andres Freund, aliyeshangaa kuona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Ulikamatwa kabla haujasambaa kwenye seva za kawaida, mijini na vijijini, zikiwemo za aina unayoitunza wewe.

Malalamiko yale yanaaminika kuwa yalikuwa chombo cha shambulio. Walioyasoma wakati ule waliyaona ni manung'uniko ya watumiaji wa kawaida wenye haki ya kukasirika. Ndiyo maana nasema andika barua ya mtu anayekuja kushika kazi: tunatumia programu yako katika hospitali iliyo mlimani Kilimanjaro, ina watumiaji kadhaa, tumeona hitilafu hii, hivi ndivyo inavyojirudia, tuko tayari kujaribu rekebisho lolote na kukuletea majibu. Barua ya namna hiyo hujibiwa hata na mtu aliyechoka. Na asipojibu, umepata jibu lako bila kumuumiza mtu.

Ahadi nazo zina tarehe ya kufa

Wapo watakaokwambia suluhisho ni kuhamia kwa jina kubwa. Majina makubwa nayo hubadilisha mawazo. Tarehe 8 Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS 8, mfumo endeshi ulioendesha seva nyingi za vyuo na ofisi, utafikia mwisho wake Desemba 2021, ilhali watu walishapanga kuutumia hadi 2029. Miaka minane ilifutwa kwa tangazo moja. Lakini kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, Gregory Kurtzer, aliyekuwamo tangu mwanzo wa CentOS, akaanzisha Rocky Linux, na wengine wakaanzisha AlmaLinux. Mwaka 2021 haujafika katikati, zote mbili zilikuwa tayari kwa kazi, na seva ikaweza kuhamishwa bila kupoteza taarifa. Linganisha na Windows Server 2012, ambayo msaada wake wa muda wa nyongeza uliisha Oktoba 2023: huko, kampuni ikishasema basi, hakuna kundi la watumiaji linaloweza kuichukua na kuiendeleza. Unanunua nyingine, au unabaki na matundu.

Kwa hiyo kabla ya kununua au kupokea mfumo wowote, uliza: wakinyamaza, sisi tunaruhusiwa kufanya nini? Mfadhili anapokuja na mradi wa miaka mitatu, kompyuta zenye stika na semina hotelini, muulize mwaka wa nne utakuwaje. Muulize mbele ya watu, na jibu liingie kwenye muhtasari. Wafadhili wazuri hufurahia swali hilo.

Ifanyeni seva kuwa mfongo

Wazee wa mlimani walishalitatua tatizo la aina hii kabla Mjerumani hajapanda Kibo. Mfongo huchukua maji mtoni juu kule na kuyashusha hadi vihambani, na hauna fundi wa mbali wa kusubiriwa. Wanaotumia maji yake ndio wanaouzibua. Msaragambo ukitangazwa, kila kaya inatoa mtu na jembe. Asiyefika analipa faini, au zamu yake ya maji inampita. Ipo mifongo iliyodumu vizazi na vizazi kwa utaratibu huo, na haikuhitaji toleo jipya kutoka kwa mtu aliyeuchimba wa kwanza.

Seva za chanzo huria zinaweza kutunzwa hivyo hivyo, na kusema kweli sioni njia nyingine ya uhakika kwa taasisi zetu. Hospitali tano zenye mfumo mmoja, kila moja ikihangaika na kijana wake mmoja gizani, zina vijana watano wanaoziba tundu lilelile mara tano. Zikichangia, zinapata waandishi wa programu wawili wa kudumu, msimbo mmoja unaotunzwa pamoja, na siku moja kila mwezi ya kurekebisha yaliyoharibika. Asiyechangia asipewe zamu. Shule zifanye hivyo kwa mfumo wa ada na matokeo, SACCOS kwa mfumo wa mikopo.

Na Moshi ni mji unaojua kumiliki pamoja. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, iliandikishwa mwaka 1933, ikavunjwa na serikali mwaka 1976, ikarudi mwaka 1984, kwa sababu wakulima walijua chombo kile ni chao. MoCU, chuo kikuu cha ushirika kilichoanza kama Chuo cha Ushirika mwaka 1963, kiko hapahapa Moshi na kina wanafunzi wanaotafuta pa kufanyia field kila mwaka. Waiteni. Msiwatume kutoa fotokopi. Wapeni msimbo wa mfumo wausome, waandike kila sehemu inafanya nini. Ushirika wa programu una matatizo yaleyale ya ushirika wa kahawa: hesabu zifichwe, mwenyekiti ajifanye mmiliki, na kazi ya pamoja inakwisha. Nao ukaguliwe.

Wakati mnajipanga, izungushie ua

Seva yenye programu ya zamani isionekane kutoka nje. Kama ina anwani ya umma ya intaneti kwa sababu mkurugenzi alitaka kuona mapato akiwa safarini, iondoe leo, mkurugenzi apigiwe simu asomewe mapato hayo. Iweke programu ndani ya mashine pepe pamoja na PHP yake ya zamani, na mashine pepe hiyo ikae juu ya seva yenye mfumo endeshi unaosasishwa. Ifikiwe kwa mtandao wa ndani tu. Anayelazimika kuingia kutoka nje apitie VPN. Kompyuta za mapokezi zisitumike kupakua miziki. Ua huu hauponyi kitu, unawapa muda wa kufanya kazi mkiwa mmetulia.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na anayeshika taarifa za watu anawajibika kuzilinda. Majina, magonjwa na majibu ya vipimo vya watu wa Marangu yakivuja, kusema "watengenezaji walinyamaza" hakutawasaidia.

Kuhusu bekapu nitasema kwa kirefu kidogo kwa sababu hapa ndipo watu hulia. Kila taasisi itakwambia inayo. Uliza mara ya mwisho iliporudishwa. Kila robo mwaka chukua bekapu, iweke kwenye kompyuta nyingine kabisa, iwashe, kisha mwite muuguzi umwambie amtafute mgonjwa aliyemhudumia jana. Akimwona pamoja na vipimo vyake, mpe soda, andika tarehe kwenye daftari. Asipomwona, umegundua siku ya kawaida kitu ambacho ungekigundua siku ya msiba. Nakala moja isikae jengo moja na seva. Masika radi zinapiga, na mwizi wa kompyuta huchukua pia diski ya nje iliyo mezani. Pamoja na bekapu, toa taarifa zote katika majedwali ya maandishi ya kawaida ambayo programu yoyote inaweza kuyasoma, na uandike kila safu ina maana gani. Siku mtakapohama, karatasi hiyo itawaokolea wiki nyingi.

Subiri Desemba, lakini jiandae kuanzia Oktoba

Kila Desemba mlima unajaa watoto wake. Kutoka Dar, Nairobi, Dubai na Ujerumani wanapanda na magari yao kuja kula Krismasi nyumbani, na miongoni mwao wamo wanaoandika programu kwa ajili ya benki na kampuni za simu. Wengi walizaliwa katika hospitali ileile yenye seva iliyokwama. Usiwaache washuke bila kuiona.

Mazungumzo yaanze mezani. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba mwanangu, karibu mtori, kula kwanza." Ale. Bakuli la pili likiwa katikati, shangazi ambaye ni matroni aulize: "Hivi wewe kule Dar mnaandika kwa lugha gani?" Atasema, "Siku hizi zaidi Python, shangazi. PHP naijua kidogo." "Hiyo kidogo inatosha, mwanangu. Kesho saa nne nipeleke kazini, kuna kitu nataka ukione."

Akifika akute mmejiandaa. Mpeni msimbo, na kanzidata ya mfano isiyo na jina hata moja la mgonjwa wa kweli. Asiguse ile halisi. Mpeni orodha fupi ya kero, iliyopangwa na wanaoutumia mfumo, na ya mhasibu iwe juu. Msimwombe ajenge mfumo mpya kwa likizo ya siku kumi. Atakubali kwa upendo, na mtabaki na mfumo wa pili ulioishia katikati. Mwombeni awaeleze kitu kimoja: huu unatibika au tuhame? Kisha akubali kupokea simu yenu mara moja kwa mwezi hadi Desemba nyingine, kwa malipo mliyokubaliana.

Akisema mhame, hesabuni majina tena, safari hii ya huko mnakokwenda. Hospitali nyingi za serikali zina mfumo wa GoT-HoMIS. OpenMRS, mfumo wa chanzo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004, ukawashwa Eldoret mwaka 2006, na leo unaandikwa na watu wa mataifa mengi, wakiwemo jirani zetu wa Kenya, Uganda na Rwanda. Hauko mkononi mwa mtu mmoja. Mkihama, endesheni mifumo miwili sambamba kwa mwezi mzima, na msichague mwezi wa kufunga hesabu. Wauguzi wataandika mara mbili na watanung'unika kwa haki. Waongezeeni mtu wa zamu.

Siku ya kuizima ile ya zamani, toeni diski zake kabla mashine haijauzwa au kugawiwa kwa shule ya kata. Zina wagonjwa wa miaka yote. Nakala moja iliyofungwa kwa paswedi iingie kwenye sefu kwa muda ambao sheria inataka kumbukumbu zitunzwe. Diski zenyewe zitobolewe kwa keekee mbele ya mashahidi wawili, na wote watie saini kwenye kitabu cha stoo.